Nilivyojifungua kwenye kitanda nilichozoea kukitandika

Miaka 6 nikiwa nesi wa leba nimekuwa nikiwaambia kina mama, "Usisukume bado, pumua." Siku yangu ilipofika nilitamani anayesema hivyo apande yeye kitandani.

Uchungu ulinianza saa 8 usiku, nyumbani Mikindani, mwezi wa Novemba na lile joto letu. Mume wangu akakimbilia kumwamsha jirani mwenye bajaji. Nikamwambia amwache alale. Mikazo miwili kwa dakika 10 bado mapema. Nikaoga, nikanywa uji, nikazunguka uani nimeshika ukuta. Kulipopambazuka ikawa mitatu, kila mmoja unapita sekunde 40, ndipo tukaondoka kuelekea mjini.

Nilipopimwa, njia ilikuwa imefunguka sentimita 5. Baada ya saa 4, imefika 7 tu. Hapo unesi ukaanza kuniadhibu. Nikaomba patografu yangu, ile karatasi ya kuchorea maendeleo ya uchungu, nikaanza kupiga hesabu: mstari wa tahadhari, unaoonyesha njia inafunguka polepole mno, nimeshauvuka; saa 4 nyingine nagusa mstari wa hatua, ambapo lazima kitu kifanyike, nitawekewa dripu ya kuongeza uchungu, isipokubali ni kisu. Kila mkazo ulinikuta nimekaza mwili mzima kwa hofu.

Mkunga wa zamu, mama mtu mzima aliyenifundisha kazi, akaninyang'anya karatasi. "Mwanangu, hii ya kusoma mimi. Wewe leo umekuja na mimba, hukuja zamu." Kisha akauliza, "Umekwenda haja ndogo saa ngapi?"

Sikuwa nimekwenda tangu nitoke nyumbani. Mimi, ninayemuuliza kila mama swali hilohilo! Kibofu kikijaa, kichwa cha mtoto hupata tabu kushuka. Nikasindikizwa chooni, na niliporudi hakuniruhusu kulala chali. Nikasimama dirishani nimeegemea viwiko, naye ananikanda kiuno. Muda si mrefu chupa ya uzazi ikapasuka.

Hamu ya kusukuma haiombi ruhusa. "Puliza kama unapoza chai," akasema, nami nikapuliza huku nikilia. Njia ilipofunguka yote nikalala ubavu, mguu mmoja ameushika yeye, nikasukuma. Mtoto wa kike, kilo 3.2. Wakamlaza kifuani kwangu, kitovu wakakiacha kwanza bila kukikata mpaka kikaacha kupiga. Sindano ya kuzuia damu, uniti 10 pajani, sikuisikia kabisa. Nyuzi mbili za kushonea nilizisikia, licha ya ganzi. Hilo nilikuwa nikiwaambia wagonjwa wangu kwamba ni dogo.

Siku 84 za likizo zikaisha, nikarudi zamu. Wiki ya kwanza tu yule mama akanikuta nimeshika mkono wa binti wa mimba ya kwanza, ananifinya kwa kucha.

"Amekwenda haja?" akauliza kutoka mlangoni.

"Mara mbili," nikamjibu.