Daktari Wangu Asiyenawa Mikono

Rasimu ya kwanza ya riwaya yangu ilirudi ikiwa imejaa wino mwekundu. Msomaji wake wa kwanza alikuwa dada yangu, muuguzi wa miaka mingi, na nilitarajia anisifu kwa sura ya nne. London, mwaka 1839: kijana wa melini amepondwa mguu na pipa, na daktari mwema anaukata ili amwokoe. Mimi mwenyewe nililia nilipokuwa naiandika.

Akanipigia simu usiku. "Mdogo wangu, huyu daktari wako ananawa mikono ya nini?"

"Aue vijidudu, dada."

"Vijidudu gani, mwaka 1839?"

Nilikosa la kusema. Semmelweis, daktari wa wazazi, aliwalazimisha madaktari na wanafunzi wake kule Vienna wanawe kwa maji yenye klorini mwaka 1847, tena wenzake wengi wakampinga. Lister, daktari wa upasuaji, alitangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867. Na ile sindano niliyomlaza nayo kijana wangu? Mabomba ya kuchoma dawa chini ya ngozi yalianza kutumika mwaka 1853. Hata etha, dawa ya kumlaza mgonjwa asisikie maumivu, ilionyeshwa hadharani Boston Oktoba 1846. Kumbe nilikuwa nimechukua chumba cha upasuaji cha siku hizi nikakivisha kofia ndefu.

Nikajifungia maktaba wiki tatu. Tarehe zilirekebishika kwa siku moja. Kilichonishinda ni koti. Madaktari wa wakati ule walipasua wakiwa na koti kuukuu lililokakamaa kwa damu ya waliotangulia, na hakuna aliyeona aibu. Nikasoma pia kuhusu chumba cha upasuaji cha wanawake cha hospitali ya St Thomas', kilichojengwa mwaka 1822 kwenye dari la kanisa: meza ya mbao, ngazi za wanafunzi kusimama wakitazama, na chini ya meza sanduku la unga wa mbao la kukingia damu. Daktari alilisogeza kwa mguu kufuata damu ilikodondokea. Hilo la mguu sikulisoma popote, nililiona tu kichwani, na limebaki kwenye riwaya.

Sasa mtu wa namna hiyo nimfanyeje msomaji ampende? Nilijaribu kudanganya. Nikamfanya awe "msafi wa tabia", anayenawa kwa kuwa mama yake alimlea hivyo. Nilipoisoma kwa sauti niliona haya, nikafuta.

Jumapili moja nikamwambia dada anikate mguu. Alicheka, kisha akakubali. Nikalala juu ya meza, akanifunga mkanda pajani kama wa kuzuia damu, akashika rula ndiyo kisu, akaweka simu yake ihesabu dakika mbili na nusu. Nyama, akataja, akizungusha rula. Mfupa. Mishipa, kuifunga mmojammoja kwa uzi. Nilikuwa natazama taa ya darini. Nilipodhani muda umekwisha nikauliza.

"Sekunde 50," akasema. "Tulia."

Rula ile haikuumiza hata kidogo, lakini nilishika ukingo wa meza. Ndipo nikamwelewa Robert Liston, daktari wa upasuaji ambaye London nzima ilimjua kwa kasi yake. Siku alipotumia etha kwa mara ya kwanza, 21 Desemba 1846, alikata paja kwa sekunde zisizofika 30. Mkono huo ulizoea kukimbia kabla ya etha, kwa watu waliokuwa macho, waliokuwa wakisikia msumeno. Kasi ndiyo ilikuwa nusukaputi yao.

Niliandika sura upya usiku uleule. Daktari wangu hanawi. Koti lake linanuka, na kisu anakipangusia humohumo. Hamwambii kijana neno la kumfariji, kwa sababu neno linakula sekunde. Anaangalia tu kama wanaume wanne wamemshika sawasawa, halafu anaanza.

Safari hii dada aliisomea mbele yangu, kalamu nyekundu mkononi. Alipofika kwenye koti akakunja uso.

"Huyu ningemfukuza wodini."

Akaendelea kusoma hadi mwisho, akafunika kalamu.

"Ila ningekuwepo mwaka ule, mguu wako ningempa yeye."