Lupangu za Kamalondo na waliozikaa kwanza

Chama cha avenue yetu hapa Kamalondo, mjini Lubumbashi, kilianza kwa mambo mawili: kuzibua mitaro kabla mvua haijakolea, na kuchangia matanga. Sasa tuna kazi ya tatu, na daftari lake nalishika mimi. Tunaandika, lupangu kwa lupangu, yaani kiwanja kwa kiwanja, nani alikaa pale na alitoka wapi.

Vitabuni Lubumbashi inaanza mwaka 1910: reli inafika kutoka kusini, Wangermée, mtawala Mbelgiji wa Katanga, anapima barabara, na mwaka 1911 Union Minière, kampuni ya migodi, inawasha tanuru la shaba. Lakini Balamba, wenyeji wa huku, walikuwa hapa, na shaba ya Katanga iliyeyushwa kuwa misalaba karne nyingi kabla ya Wabelgiji.

Kamalondo yenyewe, enzi hizo ikiitwa Albert, ilikatwa kwa ajili ya Waafrika, na katikati yake na mji wa Wazungu wakaacha eneo tupu, zone neutre. Watu wa tanuru walilazwa kambini na kampuni. Huku walikaa washonaji, waashi, makarani, maboi wa Wazungu, na akina mama waliouza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, mlangoni. Nkambo mmoja, mzee wa hapa, alitutajia majirani zake wa utotoni nyumba baada ya nyumba, kwa majina na makabila: Mbemba wa Luapula, Muluba wa Kasai, Musanga. Kalamu yangu haikuweza kufuata kasi yake.

Ubishi ulizuka tulipofika kwa Wakasai. Wengi walikuja kwa reli ya kampuni ya BCK, iliyofika Ilebo, kule Kasai, mwaka 1928. Mwaka 1992 na 1993 wakafukuzwa Katanga, wakarudishwa kwa njia ileile. Likasi na Kolwezi ndiko kulikowaka zaidi, lakini hata kwetu wapo waliouza nyumba kwa bei ya kukimbia. Baadhi ya wanachama wanasema tuyaache, yatafufua chuki. Mimi nimekataa na nitaendelea kukataa. Mtu aliyejenga ukuta ninaouegemea, nitalifutaje jina lake? Mama mwenyekiti ameniunga mkono: majina yataandikwa, pamoja na mwaka walioondoka.

Jumapili baada ya misa tunaanza upande wa reli. Mwenye kitabu cha kazi cha nkambo wake, picha, au karatasi ya lupangu, alete. Tutaipiga picha na kumrudishia palepale. Na wewe uliye Kasai, Mbuji-Mayi au Kananga, kama baba yako alikaa Kamalondo, tuandikie jina lake na la avenue yake.