Cheti kilichochelewa miaka 20: nilivyomfuata binti yangu Marekani

Binti yangu nilimzaa nyumbani, Kisauni, mwaka 1984, mikononi mwa mkunga wa mtaa. Wakati ule hatukukimbilia cheti cha kuzaliwa. Tulikuja kukitafuta mwaka 2004, alipotaka pasipoti, na sikujua kwamba hiyo miaka 20 ya katikati ndiyo itakayoniweka Mombasa namsubiri.

Nianze na ushauri niliopewa, maana hasira yake bado ninayo. Kila niliyemwambia kwamba nataka kwenda kukaa na mwanangu Columbus, Ohio, alinijibu vilevile: "Chukua viza ya matembezi, ukifika utajipanga hukohuko." Wakala mmoja wa mjini alithubutu kunielekeza niandike kwenye fomu kwamba sina mtoto Marekani. Uongo kama huo ukigunduliwa, mtu anaweza kufungiwa mlango maisha. Na ukishamkana mwanao kwa maandishi, kesho atakuombeaje viza kama mama yake? Mimi viza ya matembezi niliiomba mwaka 2018 kwa ukweli wangu, nikasema nina binti na wajukuu wawili huko, nikanyimwa kabla dakika tano hazijaisha. Sheria yao humchukulia kila mgeni kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye mwenyewe athibitishe sivyo. Mjane mstaafu kama mimi angethibitisha kwa nini? Ada nayo hairudi.

Njia ya haki ilikuwa binti aniombee. Alikwenda mwaka 2012 kwa bahati nasibu ya viza, na miaka yote aliyokuwa na kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, hakuweza kuniita. Anayemwita mzazi ni lazima awe raia, tena awe ametimiza miaka 21. Nimewaona wazee wakiwalaumu watoto wao kwa kuwasahau, kumbe mtoto bado hana uwezo huo kisheria. Alipokula kiapo cha uraia mwishoni mwa 2018, Januari iliyofuata akatuma fomu ya I-130, ile ya kumwombea jamaa, na dola 535. Wazazi hawawekewi idadi ya viza kwa mwaka kama wanavyowekewa ndugu, kwa hiyo hakuna foleni ya miaka kumi na zaidi. Ila kama baba na mama wote wapo, kila mmoja aombewe kwa fomu yake.

Miezi ikapita, ikaja barua ya idara yao ya uhamiaji. Cheti cha binti kimesajiliwa miaka 20 baada ya kuzaliwa, hakitoshi peke yake, leteni ushahidi mwingine. Na jina langu kwenye cheti ni Mwanaesha, kwenye kipande changu ni Mwanaisha. Tulipewa siku 87 tu.

Nilikimbilia kwa karani mmoja anayeandika hati za viapo. Akaniambia kazi ndogo, nilete watu wawili. Nikampelekea jirani yangu na mwanawe. Akachapa hati mbili za maneno yaleyale: "Ninamjua fulani kuwa ni binti wa fulani." Zikapigwa mhuri na kamishna wa viapo, nikalipa kama elfu tatu hivi, nikampigia binti simu kwa furaha. Akanitaka nimsomee. Nilipofika kwenye tarehe za kuzaliwa za mashahidi akaninyamazia, kisha akasema, "Mama, huyu shahidi wa pili amezaliwa 1987. Ameniona vipi nikizaliwa?"

Usiku ule sikulala. Hati ya kiapo inayokubalika ni ya mtu aliyekuwa hai na mwenye akili zake wakati huo, na aeleze alijuaje: alikuwa wapi, aliona nini, ana uhusiano gani na mtoto. Karani hakuniuliza hata moja katika hayo, na mimi niliyefundisha miaka 31 sikuyafikiria.

Kulipokucha nikajiuliza: ni wapi jina la mwanangu na langu yaliandikwa pamoja kabla hatujawa na haja ya pasipoti? Hapo ndipo ualimu uliponisaidia. Shule ya msingi ina rejista ya kuwaandikisha wanafunzi, kile kitabu kikubwa kinachoandikwa nambari ya mtoto, jina, tarehe ya kuzaliwa, na jina la mzazi. Shule inaweza kupoteza madawati na hata mabati, lakini kitabu kile walimu wakuu hukabidhiana kama amana. Binti aliingia darasa la kwanza mwaka 1991, katika shule ambayo mimi sikuwahi kufundisha, kwa hiyo hakuna angeweza kusema nimeandika mwenyewe.

Nikaenda. Mwalimu mkuu, kijana wa umri wa wanangu, akanipokea, "Shikamoo, mwalimu," akaita mtu wa stoo. Vitabu vilikuwa juu ya kabati, vumbi kidole kizima, kimoja mchwa wamekula jalada. Tulipekua kuanzia saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri. Nilipoliona jina la mwanangu kwa wino wa buluu, na pembeni yake "Mama: Mwanaisha", kama lilivyo kwenye kipande, mwandiko wa mwalimu ambaye sasa ni marehemu, nilikaa chini pale pale stoo nikalia. Mwalimu mkuu alitoa nakala, akaigonga mhuri, akaandika na barua ya kuithibitisha. Senti hakuchukua.

Kisha nikamwendea mkunga. Alikuwa amepita miaka 80, macho yamefifia, lakini aliukumbuka usiku ule kuliko mimi: mvua, taa ya chemni, na kitovu alichokifunga mara mbili. Nikataka yaandikwe kama alivyoyasema, kwa Kiswahili, akaweka dole gumba. Tafsiri ya Kiingereza ikaambatanishwa, na mfasiri akatia sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi. Bila sahihi hiyo tafsiri haina kazi. Niliongeza hati ya kiapo kwamba Mwanaesha na Mwanaisha ni mtu mmoja, kadi ya kliniki ya 1984, na picha ya Idi, binti akiwa mapajani mwangu. Kipimo cha DNA hatukukihitaji. Watakaokihitaji wasikimbilie maabara ya mtaani, kwa sababu yanayokubaliwa ni majibu ya maabara zilizoidhinishwa na AABB, na vifaa vya kuchukulia sampuli hupelekwa ubalozini moja kwa moja.

Ombi likapita mwaka 2020, dunia ikiwa imefungwa. Aprili mwaka ule rais wao alisimamisha viza za kuhamia, za wazazi zikiwemo, na amri hiyo iliondolewa Februari 2021. Ada zilizofuata, dola 325 na 120, zililipwa huko. Kipato cha binti, aliyekuwa mdhamini wangu, hakikufika kile kiwango cha asilimia 125 ya mstari wa umaskini kwa watu wa nyumba yake, ikabidi mshahara wa mumewe ujumlishwe.

Nairobi nilikwenda kwa treni mwaka 2022. Kituo cha IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji linalowapima afya waombaji viza, kikaona kovu la zamani pafuni mwangu, nikatoa makohozi asubuhi tatu mfululizo na kungoja wiki nane yaoteshwe, kuangalia kama nina kifua kikuu. Basi, ukipangiwa siku ya ubalozi, usikate tiketi wala usiuze kitanda. Mimi kabati nilishaliuza.

Mahojiano yenyewe hayakufika robo saa. Afisa alikuwa na ile nakala ya rejista mbele yake, na nikamwonyesha kwa kidole jina langu lilipo.

Lipo lililoniuma ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Viza ya mzazi haibebi mtu mwingine. Mjukuu niliyemlea tangu mama yake afariki nilimwacha kwa dada yangu Likoni. Narudi kumwona kila mwaka, na sikai nje miezi sita, nisije nikaulizwa kama kweli naishi Columbus. Na bima ya afya iulizwe kabla ya safari: mzee anayefika na kadi mpya hajiungi na Medicare, bima ya serikali yao kwa wazee, mpaka atimize miaka mitano.

Wiki jana jirani yangu wa Kisauni amenipigia. Mwanawe amepata uraia, na cheti chake nacho ni cha kuchelewa. Nimemwambia aende shuleni wiki hii hii, kabla hawajafunga, na aulize kitabu cha 1993.