Bakuli Zima la Hangzhou

Mzigo wangu ulikuwa bado kiwandani Yiwu, mji wa biashara huko China, na tulishaambiwa tusubiri hadi Jumatatu. Mwenzangu mmoja wa Kariakoo, mzoefu wa China, akasema hatuwezi kushinda hotelini tukitazamana. Tukapanda treni ya mwendokasi kwenda Hangzhou kuliona Xi Hu, Ziwa la Magharibi.

Tulianzia kusini, kwenye tuta la Su. Ni njia ya karibu kilomita 2.8 inayolikata ziwa hadi upande wa kaskazini, ina madaraja sita ya mawe, na mipichi ilikuwa imechanua kandokando. Watu walijaa: mabibi na wajukuu zao, maharusi wakipigwa picha, wazee na redio zao. Mwenzangu akanieleza asili ya njia ile. Mwaka 1089 mshairi Su Dongpo alipewa kuuongoza mji, akalikuta ziwa limesongwa na magugu na matope. Akawaajiri watu walichimbe, na matope waliyoyatoa yakarundikwa kuwa tuta. Nilisimama darajani nikatazama chini, nikampenda sana mtawala yule. Mimi ni wa Kilwa. Kwetu mawimbi yametafuna kuta za kale hadi UNESCO ikayaweka magofu yetu katika orodha ya urithi ulio hatarini, kuanzia 2004 hadi 2014. Najua thamani ya mtu anayekubali kushika jembe kabla kitu hakijapotea.

Mwisho wa tuta tukavuka daraja la Xiling kuingia kisiwa cha Gushan, ambako kuna makumbusho ya jimbo la Zhejiang. Mwenzangu alitaka tukanywe kwanza chai ya Longjing, inayolimwa kwenye vilima vya hapo hapo. Nikamwomba tuingie ndani mara moja.

Humo ndimo nilimoliona bakuli. Kaure nzito ya kijani kibichi, laini, kutoka Longquan, kusini mwa jimbo hilo hilo. Rangi ile naijua tangu utotoni. Kilwa Kisiwani, mvua kubwa ikinyesha, vipande vyake hujitokeza kwenye udongo karibu na magofu, na mjomba wangu, ambaye huwatembeza wageni kule, alitufundisha kuviacha pale pale vilipo. Maisha yangu yote nilikuwa nimeona vipande tu. Sasa lilikuwa mbele yangu bakuli zima, na ukingo wake haujapata hata ufa. Machozi yalinilengalenga, na mwenzangu akanyamaza akaniacha.

Nilimkumbuka Ibn Battuta, yule msafiri wa kale kutoka Moroko. Alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote. Baadaye akaandika habari za Hangzhou, aliyoiita Khansa, kwamba ni mji mkubwa kuliko yote aliyoiona duniani. Na kabla yake vyombo vya nchi ile vilikuwa vimeshaanza kuvuka bahari hadi kwetu, vikishushwa na kupakiwa bandari baada ya bandari.

Nikampigia mjomba.

“Shikamoo mjomba. Nimekutumia picha, umeiona?”

“Marahaba mwanangu. Nimeiona. Nionyeshe kitako.”

“Kitako?”

“Rangi tu haitoshi, wengi waliiga. Chini, pale pasipopakwa rangi, pakiwa pamekuwa pekundu kwa moto wa tanuri, basi ndicho chenyewe.”

Bakuli lilikuwa ndani ya kioo. Nikapiga magoti sakafuni nijaribu kuchungulia kwa chini. Mlinzi, mama wa makamo, akaja mbio. Mwenzangu akamweleza kwa Kichina chake cha sokoni, akionyesha simu, kitako cha bakuli, na mimi. Yule mama akacheka, akanishika mkono hadi kabati la pili, ambako chini ya sahani moja waliweka kioo cha kujitazamia. Duara jekundu lilionekana wazi. Nikapiga picha, nikaituma.

Mjomba hakukawia kujibu: “Ndicho hicho. Mshukuru huyo mama, mwambie vya kwetu tunavitunza.”

Mwenzangu akamfasiria yote, neno kwa neno.