Ghala la Great Coxwell kwa kipimo cha 1:50: kuta zimesimama, sasa ni kenchi

Kuta zote nne zimekauka na ziko wima. Kwa anayeanza kunifuatilia leo: ninaunda mfano wa ghala la mawe la Great Coxwell, Oxfordshire, Uingereza, lililojengwa miaka ya 1290 kwa ajili ya watawa wa abasia ya Beaulieu. Lenyewe lina urefu wa mita 46 hivi, kwa hiyo mfano wangu unafika sentimita 92 na umemeza meza nzima.

Wiki hii nimeshughulika na milango. Kwenye kuta ndefu kuna vibaraza viwili vinavyotazamana, na mwanzoni niliviona kama mapambo. Kumbe ndiyo roho ya jengo! Nafaka ilipurwa kwa fimbo kwenye sakafu iliyo kati ya milango hiyo. Ikishapurwa, milango yote miwili inafunguliwa, upepo unapita katikati, makapi yanapeperuka na punje zinabaki chini. Nimewasha feni ndogo upande mmoja na kumwaga pumba za randa ndani: zilitoka moja kwa moja upande wa pili. Nilifurahi sana. Milango mikubwa iliyopo leo kwenye kuta za ncha ilitobolewa karne ya 18, nami nimeiacha, kwa sababu nataka ghala la watawa.

Sasa kenchi. Paa linabebwa na nguzo 12 za mwaloni, safu mbili za sita sita, na hakuna hata moja inayogusa ardhi. Kila nguzo imekaa juu ya kitako cha jiwe chenye kimo cha mita 2 hivi, unyevu usipande ukaozesha mti. Kwangu ni sentimita 4 kila kimoja. Nimevichonga kwa plasta na kuvipiga msasa mpaka juu pakawa bapa kabisa, maana nguzo ikiinama kidogo tu, boriti ya juu haikai.

Vigae ni vya mawe, vikubwa chini kwenye ukingo na vidogo kadiri unavyopanda kileleni. Navikata kwa kadi ngumu, safu kwa safu, kazi ya kutuliza akili. Nitaezeka upande mmoja tu wa paa. Ule mwingine utabaki wazi, mtu aone kenchi zilivyoshikana, kwani fahari ya ghala hili imo ndani.