Mahindi ya Juu ya Mafiga

Jumamosi tulikuwa Chanika, kwenye kile kiwanja ambacho mpaka leo kina msingi na majani tu. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, ya kwanza ya maana tangu Machi iingie, na udongo ulikuwa bado unatoa ile harufu ya masika. Jongoo walitapakaa njiani. Nilikuwa nimeshachimba mashimo nyuma ya msingi, nikachana pakiti ya mbegu, nikamimina kiganjani. Binti yangu akachungulia.

"Mama, mbona mahindi haya ya pinki?"

Nikamweleza kwamba yamepakwa dawa, ili wadudu na ukungu visiyaharibu kabla hayajaota.

"Kwa hiyo hayaliwi?"

"Hayaliwi. Hii ni mbegu."

"Hata mtu akiwa na njaa sana?"

Nilimjibu kwamba hata akiwa na njaa sana, ile dawa ni sumu, na kwamba akanawe mikono. Lakini swali lile nilishalisikia zamani kwa sauti ya mdogo wangu, jikoni kwa Bibi, Korogwe, mwaka 2006. Na mahindi aliyokuwa akiulizia yeye hayakuwa na dawa yoyote. Yalikuwa na moshi tu.

Kwa Bibi mbegu ilikaa juu ya mafiga. Aliichagua mahindi yakiwa bado shambani: akiona mmea wenye shina nene na hindi lililoinama vizuri likikauka, maana hindi linaloinama haliingiwi na maji, aliufunga kitambaa cha kanga kuukuu. Ole wake mtoto atakayevunja hindi la mmea wenye kitambaa. Yakishavunwa, maganda yalivutwa nyuma, mahindi yakafungwa mawili mawili kwa maganda yake yenyewe, yakatundikwa kwenye mti uliokatiza juu ya moto. Moshi wa kuni uliyapiga miezi na miezi mpaka yakawa na rangi ya chai. Dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi, hapendi moshi. Mahindi ya kula, yale ya kwenye magunia chumbani, dumuzi alikuwa akiyageuza unga hata kabla hatujayamaliza. Lakini hindi la juu ya mafiga ukiligonga kwa kidole lilikuwa gumu vilevile.

Mbegu yenyewe ilikuwa Staha, aina ya mahindi meupe aliyoipata kwa bwana shamba mmoja kabla sijazaliwa. Lakini chavua ya mahindi hubebwa na upepo, na kwa miaka yote ile ya kupandwa jirani na mashamba ya watu, Staha ile ilishageuka kuwa mbegu ya Bibi. Katikati ya punje nyeupe ulikuta mojamoja ya njano, na nyingine ya zambarau kabisa.

Na alikuwa na sheria yake: hapandi mbegu yote msimu mmoja. Sheria hiyo ndiyo iliyotuacha na mahindi juu ya mafiga baada ya vuli ya 2005 kufeli. Tulipanda, yakaota, yakafika magotini, kisha jua likaja na halikuondoka. Desemba shamba lote lilikuwa mabua makavu yanayolia upepo ukipita. Januari na Februari redio ya jirani ilikuwa inasema habari za maji kupungua kwenye bwawa la Mtera na umeme wa mgao mijini. Kijijini kwetu umeme haukuwapo wa kugawiwa. Tulikuwa na makopa, uji mwepesi, mchunga, na mapapai mabichi ya kuchemsha. Mahindi ya serikali yaligawiwa chini ya mwembe kwa mwenyekiti, yakaisha upesi.

Mdogo wangu alikuwa na miaka sita. Alikuwa na tabia ya kulala chali kwenye mkeka jikoni akiangalia juu. Haombi, anaangalia tu. Siku moja ndipo akauliza, "Bibi, hata mtu akiwa na njaa sana?" Bibi akamwambia, "Hata akiwa na njaa sana. Akila ile, mwakani atakuwa na njaa kuliko ya leo." Baba mdogo alipokuja kutoka Tanga alisema kwa ukali zaidi. "Mama, watoto wanalala na njaa, na chakula kinaning'inia juu ya vichwa vyao." Bibi akajibu kwamba kile si chakula. Baba mdogo akatoka nje, akakaa kwenye gogo mpaka giza likaingia.

Upande wa pili wa bonde kulikuwa na mama mmoja mwenye watoto wanne, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Mumewe alikuwa anakata mkonge, na mshahara ulikuwa hautoki. Yule mama alipukuchua mbegu yake Januari, akaikaanga. Harufu ya mahindi ya kukaanga inasafiri mbali jioni, hasa kukiwa hakuna harufu nyingine inayoshindana nayo. Ilitufikia sisi tukiwa na vikombe vya uji. Mdogo wangu alitoka akasimama uani akielekeza uso kule bondeni, na Bibi akamwita arudi ndani.

Mvua iliingia Machi, usiku. Kwanza upepo wa baridi ulipita chini ya mlango. Kisha tone moja kwenye bati, zito. Kisha kimya kirefu, na wote tulikuwa macho bila kusemeshana, tukisikiliza. Kisha bati lote likaitika. Tulitoka na ndoo, sufuria, beseni, kila chenye tumbo la kushika maji, tukavipanga chini ya mchirizi. Mdogo wangu alisimama uchi pale maji yanapodondokea, kinywa wazi. Ilipokaribia alfajiri mvua ikapungua, na kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye kichuguu nyuma ya choo. Tuliweka koroboi katikati ya beseni la maji wakawa wanajimwaga wenyewe. Bibi hakuwa na habari nao. Alikuwa shambani na jembe, anachimba gizani, anatia mkono shimoni kupima unyevu umefika wapi. Alirudi na udongo mpaka karibu na kiwiko. "Hii ni ya kupandia," akasema.

Akapanda kwenye stuli, akaanza kushusha mahindi. Jozi kwa jozi, mikono yake ikawa myeusi kwa masizi. Akakaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, ungo mapajani, sufuria ubavuni. Nilikuwa nimeshika koroboi, ndiyo maana niliona kila kitu. Alishika hindi, akaanza kwa dole gumba kwenye ncha, zile punje ndogondogo, akaziangushia sufuriani. Akaligeuza, akatoa zile za kitakoni, nene na zilizopinda, nazo sufuriani. Katikati pakabaki pete pana ya punje bapa, zilizojipanga sawasawa. Hizo alizisukuma taratibu kwa kiganja, zikateleza kwenye ungo kwa sauti ya mvua ndogo. Akachukua hindi la pili. Mdogo wangu, bado amelowa, alikuwa hatazami ungo. Alikuwa anatazama sufuria.

"Za sufuriani tutakula," Bibi akamwambia bila kuinua macho.

Sijui kama nimewahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile.

Tulikuwa katikati ya kazi hiyo tukasikia hodi. Alikuwa yule mama wa ng'ambo ya bonde, mtoto mgongoni, kanga imeganda mwilini kwa maji. Amevuka mto katika giza lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mvua imekuja."

"Imekuja, mama."

Hakusema jambo jingine. Alisimama kizingitini, matone yakidondoka kutoka kwenye pindo la kanga. Bibi akasema, "Unasimama mlangoni kwa nini? Kaa." Akaingia, akakaa upande wa pili wa ungo, akachukua hindi moja bila kuambiwa, akaanza kupukuchua. Ncha sufuriani, kitako sufuriani, katikati kwenye ungo. Alijua. Wakaendelea hivyo wawili, magunzi yakirundikana, mtoto mgongoni amelala. Mbegu ilikuwa haijatajwa na yeyote.

Hindi la mwisho lilipoisha Bibi aliusawazisha ungo. Akaweka kiganja wima katikati, akazigawa zile punje kwa mfereji mmoja ulionyooka, huku na huku. Akaangalia. Akasogeza kidogo za upande mmoja ziwe sawa na za upande wa pili. Kisha akasema, "Lete pindo la kanga."

Hapo mdogo wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Bibi, wao walishakula za kwao."

Moto ulikuwa unatatarika kwa kuni mbichi. Mimi nilitamani koroboi izimike. Mikono ya yule mama ilisimama, pindo limekunjuliwa nusu. Bibi hakumkemea mtoto. Hakumjibu pia. Yule mama ndiye aliyesema, polepole, akimtazama mdogo wangu, wala si Bibi: "Mtoto hajasema uongo." Kisha akamalizia kukunjua pindo, Bibi akainamisha ungo, na nusu ya mbegu ikaingia kwenye kanga iliyolowa. Akaifunga fundo mbili. Bibi akampa na punje kidogo za sufuriani kwa ajili ya watoto wake, akamwambia awahi, udongo usije ukakauka juu.

Mengine yalikwenda haraka. Tulipanda siku hiyo hiyo, kumbikumbi waliokaangwa kwa mafuta yao na chumvi ndio waliotushikisha jembe. Mbegu iliishia katikati ya shamba, kama ilivyotegemewa. Nusu iliyobaki Bibi akaweka kunde na matembele. Masika yalikuwa mazuri mpaka Mei. Mahindi yalikubali, ya kwetu na ya ng'ambo. Yalipokomaa yule mama alileta kapu la mahindi mabichi, tukachoma, watoto wake na sisi tukala pamoja. Mwaka uliofuata mumewe alipata kazi kwingine, wakahama.

Lakini nusu shamba ni nusu shamba. Hatukuwa na magunia ya kuuza. Nilifaulu darasa la saba mwaka huohuo, na Januari 2007 wenzangu walikwenda kidato cha kwanza nikabaki nyumbani, sare na godoro hazijapatikana. Nilijiunga wakati wao wameshasoma wiki kadhaa, baada ya Baba mdogo kuuza mbuzi wake. Hesabu ya aljebra iliyonipita nilihangaika nayo mpaka mwisho wa mwaka. Baba mdogo hajasahau mbuzi yule, na sidhani kama anapaswa kusahau. Mpaka leo, tukikutana Idi, mazungumzo yakifika kwa Bibi atasema ni haki kumpa mtu chakula, lakini mbegu iliyolindwa kwa njaa ya watoto wako haigawiwi nusu kwa nusu. Ungempa robo, angeshukuru. Mama hukaa kimya. Mdogo wangu, ambaye sasa ana watoto wake wawili wa kuwalisha ugali, anasema hakumbuki kusema yale maneno. Mimi naamini anakumbuka.

Nilimuuliza Bibi mara moja, nikiwa nimemaliza shule. Tulikuwa shambani, anafunga vitambaa. Nikamuuliza kwa nini nusu, kwa nini si robo. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Shamba lake lilikuwa sawa na letu," akasema, akaendelea na mmea uliofuata.

Nimelitafakari jibu hilo miaka mingi. Nikiukumbuka uso wa mdogo wangu juu ya sufuria, na vile vikombe vya uji, nakuwa upande wa Baba mdogo bila kusita. Wale watoto wa ng'ambo walilala wameshiba Januari, sisi hatukulala tumeshiba. Kisha namkumbuka yule mama alivyokaa akachukua hindi na kuanza na ncha, na watoto wanne nyumbani kwake, naona robo ingekuwa ni kumpa njaa nyingine ya kusubiri. Sijatua upande wowote.

Bibi alifariki 2013. Mama alishahamia mbegu za dukani, ambazo ukiwa na mbolea kweli zinazaa kuliko zile, na jiko la mafiga lilibomoka. Hakuna aliyetundika mahindi. Lakini wale wa ng'ambo waliondoka na mbegu yao, na kule bondeni watu hupeana mbegu. Mama anakwenda Korogwe wiki ijayo. Nimemwomba apite nyumba kwa nyumba aulize nani bado anapanda mahindi meupe yenye punje mojamoja za zambarau, na akipata, asiombe. Anunue, hata kiganja kimoja.