Nasaba niliyoichora ubaoni

Maisha yangu yamegawanyika pande mbili za maji. Jumatatu hadi Alhamisi nafundisha saikolojia na masomo ya familia katika chuo kikuu kimoja bara. Ijumaa napanda basi hadi Mokowe, navuka kwa boti mpaka Lamu, na Jumamosi asubuhi napokea watu wanaotaka ushauri nasaha katika chumba cha ndani cha nyumba ya marehemu bibi yangu, mtaa wa Mkomani.

Siku zote niliona kazi hizi mbili zinalishana. Mwalimu wa familia asiyekaa na familia zenye machungu hufundisha maneno matupu, naamini hivyo hadi leo. Lakini ni hapo hapo zinapokutana ndipo nilipoteleza.

Somo la siku hiyo lilikuwa jenogramu, yaani mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu au zaidi. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mstari wa ndoa ukikatwa kwa vijistari viwili vya mshazari ni talaka. Umbo likitiwa alama ya X, mwenyewe amefariki. Mstari wenye meno kama msumeno ni ugomvi. Monica McGoldrick na Randy Gerson walizipanga alama hizi mwaka 1985, wakijenga juu ya fikra za Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani. Bowen alifundisha kwamba watu wawili wakizidiwa na mvutano humvuta wa tatu ili wapumue. Hiyo ndiyo pembetatu yake, na sijaona nyumba isiyokuwa nayo.

Nilitaka mfano wenye uhai, nikachora ukoo wa mama mmoja, mteja wangu wa Jumamosi. Sikuandika jina wala mtaa, na umri niliubadilisha. Nikaamini nimemsitiri. Mchoro wenyewe sitauelezea hapa.

Darasa lilipotoka, msichana mmoja wa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Lamu, alibaki kitini. Akaja mpaka ubaoni polepole. "Mwalimu, watu hawa nawajua." Akaweka kidole kwenye duara moja na kunitajia jina. Lilikuwa ndilo.

Nilihisi miguu yangu si yangu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo bibi yangu asiyekanyaga skuli alilijua vyema, alizoea kutuambia, "Wanangu, mui huu una mato," yaani mji huu una macho. Kwetu watu huoana binamu kwa binamu, ndugu wawili wakaoa dada wawili, mume akawa na nyumba mbili, na mistari ikakutana tena kwa wajukuu. Kila mtu anajua nani kazaliwa na nani. Ukoo wa namna hiyo hauhitaji jina. Umbo lake peke yake linatosha kumtambulisha mtu, kama alama ya kidole. Nilichofunzwa mimi, futa jina na badilisha umri, kinafaa katika jiji la mamilioni. Kisiwani hakifai.

Nikafanya kosa la pili papo hapo. Nilimwambia, "Tafadhali, usimwambie mtu." Siri ilikuwa dhamana yangu mimi, nami nikamtwika msichana aliyekuja chuoni kusoma.

Jioni nilimpigia msimamizi wangu wa unasihi. (Ukiona mnasihi asiyekuwa na mtu wa kumsimamia, ogopa.) Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Mteja anajua?"

Usiku ule sikulala. Najua Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na wanafunzi huwa nawataka wazisome zote mbili. Lakini haikuwa sheria iliyoninyima usingizi. Ilikuwa sura ya mama yule, namna alivyokuwa akishusha sauti hata ndani ya chumba kisicho na dirisha la njiani.

Jumamosi nilimwambia yote kabla hajakaa vizuri. Alinitazama kitambo. "Umenitia ubaoni?" Sikujitetea. Alishusha mtandio, akatoka, na wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

Kwa yule mwanafunzi nilirudi nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba hana deni la kunifichia, na akitaka kuzungumza, nitampeleka kwa mnasihi mwingine asiyemfundisha. Karatasi zake za mtihani nilimwomba mwenzangu asahihishe.

Darasani sikuacha kufundisha jenogramu. Niliibadilisha familia. Sasa tunachora ukoo wa Seyyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Unguja, aliyefia baharini mwaka 1856 akitoka Muscat kwenda Unguja. Kati ya wanawe, Thuwaini akabaki Oman, Majid akashika Unguja, na Barghash akakitaka kiti cha Majid. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, na dada zao Khole na Salme wakawa upande wake. Salme, msichana wa miaka 15 hivi, ndiye aliyeandika barua za njama kwa kuwa alijua kuandika. Njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na Barghash hakulisahau: Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 akitokea Ujerumani, Barghash, ambaye sasa ndiye sultani, alikataa kumpokea. Hiyo ni pembetatu ya Bowen waziwazi, na wahusika wote wako makaburini, habari zao zimo vitabuni. Wanafunzi hubishana mpaka muda unakwisha kuhusu nani alimvuta nani. Sijawahi kuwaona wakibishana hivyo juu ya mchoro wangu wa zamani.

Chumbani nako karatasi imeondoka. Natandika mkeka, natoa mfuko wa kete za bao la babu yangu, na mteja mwenyewe anawapanga watu wake: huyu mama, huyu mume, huyu aliyetangulia mbele ya haki. Wakimaliza, kete zinarudi mfukoni. Kumbukumbu zangu za kikao ni fupi, na ukoo haumo.

Jambo la salamu pia ilibidi nilifikirie upya. Nilifunzwa nisimsalimu mteja njiani mpaka anianze yeye. Lamu, ukimpita mtu unayemjua kichochoroni bila "salaam aleikum", baraza zima litauliza kuna nini. Basi nawasalimu wote kwa salamu moja, sipunguzi wala sizidishi, na mteja mpya namweleza hivyo siku ya kwanza.

Mama yule alirudi baada ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, kwisha. Hakunipa sababu, nami sikumwuliza. Nilimwonyesha mkeka. Alipanga taratibu, akahamisha, akapanga tena, na tulizungumza mpaka adhana ya adhuhuri. Alipoinuka alizikusanya kete mwenyewe, akazihesabu moja moja kabla ya kuzirudisha mfukoni, kumi na tisa, kisha akatupia jicho chini ya mkeka na kuvaa buibui lake.